Dada Aliyekuwa Nje

Nilinawa mikono, na mama wa mchumba wangu akaniambia ninawe tena.

"Nimeshanawa, mama," nilisema, nikimwonyesha viganja.

"Nimeona. Nawa tena, mwanangu. Sabuni nyingine hii hapa."

Sabuni yenyewe ilikuwa ya kufulia, kipande kilichokatwa kwa kisu. Nikakipokea. Nilikuwa nimekuja kutambulishwa, nimevaa gauni jipya linalonibana kwapani, na mtu aliyekuja kutambulishwa habishani juu ya sabuni. Nikanawa mpaka viwikoni. Mwanawe, mchumba wangu, alisimama kwenye mlango wa chumba cha kulia akiangalia viatu vyake.

Kazini wananiita Bi Mbu. Yeye alilichukua jina hilo akalilainisha. "Mbu wangu," alikuwa akiniambia kwenye simu, "mbona leo hujaniuma?" Wakili mzima, mtu anayesimama na joho mbele ya majaji, lakini akiongea na mimi sauti inakuwa ya mtoto anayeomba peremende. Nilimpenda kwa hilo. Nilimpenda kwa vidole vyake virefu. Zaidi ya yote nilimpenda kwa sababu alinisikiliza. Watu wengi nikianza kueleza kazi yangu husukuma sahani mbali.

Maana kazi yangu ni kutafuta minyoo ndani ya mbu. Ni minyoo ya matende, myembamba kiasi kwamba bila hadubini huioni. Mbu huifyonza pamoja na damu ya mtu mmoja, ikakua kifuani mwake, kisha akaipeleka kwa mwingine. Ujana wangu umeishia humo. Wenzangu wakienda kwenye harusi, mimi nimepiga magoti juu ya mashimo ya vyoo, nachota viluwiluwi kwa upawa. Siku ya kwanza nilitapika mbele ya mwalimu wangu, naye akanipa maji akaniambia nirudi shimoni. Nikarudi. Baada ya miaka nilidhani kinyaa kimeniisha mwilini kabisa, kama jino lililong'olewa.

Mezani tulikuwa wanne: mimi, yeye, mama yake, na mjomba wake, mzee mwenye kitambi na utani mwingi aliyesafiri tangu asubuhi ili aje kunitazama. Mama mtu alikuwa mjane, na huyo kaka yake ndiye aliyekaa mahali pa baba.

"Kumbe daktari mwenyewe ni mzuri hivi!" mjomba alisema. "Mimi nilijiandaa kuona mtu mwenye mabawa."

Nikacheka, nikakaa. Ndipo nikaziona sahani. Zao zilikuwa za udongo mweupe, na maua ukingoni. Yangu ilikuwa ya plastiki, ya bluu, kama ya mtoto wa chekechea. Na kikombe changu vilevile. Mjomba naye aliona. Akafungua kinywa apige utani, akakifunga.

Nilimtazama mchumba wangu. Alikuwa ananipakulia wali. Alinipakulia kwa upole, akaniongezea na paja la kuku, juu ya ile sahani ya bluu, kana kwamba ameizoea tangu utoto.

"Mwanangu ameniambia mengi juu yako," mama yake alianza. "Nikafurahi zaidi aliposema kwamba mkishaoana, hiyo kazi ya wadudu utaiacha."

Nikaacha kutafuna.

"Nitaiacha?"

"Mama, tule kwanza," mchumba wangu alisema.

"Si tunakula? Kwani ni siri? Uliniambia ameshakubali. Atafundisha chuoni, avae vizuri, anukie. Mwanamke anafuga mbu kwenye vizimba, anawanywesha damu! Aje anibebee mjukuu kwa mikono hiyo, mimi nitapata usingizi?"

"Wanakunywa damu ya ng'ombe, mama," nilisema. "Siyo ya watu."

Nilitaka kumtuliza. Lakini maneno hayo yalitua mezani kama kitu kilichotapikwa. Mama akaweka kijiko chini, akafumba macho. Mjomba akaangalia mchuzi wake kwa mashaka. Chini ya meza goti la mchumba wangu likagusa langu, mara moja, taratibu. Lilikuwa linaniomba ninyamaze.

Kisha nikaomba kuonyeshwa choo.

Harufu ilinikuta kwenye korido, karibu na mlango wa nyuma. Ilikuwa harufu ya uvundo wenye utamu ndani yake, kama kitambaa kibichi kilichofunika maziwa yaliyochacha.

"Usijali hiyo harufu!" mama yake aliita kutoka mezani. "Bomba la maji taka limeziba!"

Ningeweza kumwamini kama ningekuwa na kazi nyingine. Maji taka ndiyo ofisi yangu. Hiyo haikuwa harufu ya bomba. Ilikuwa harufu ya ngozi ya mtu.

Dirisha la choo lilikuwa wazi, linatazama uani. Kwenye kamba kulianikwa vitambaa virefu vilivyochanwa kutoka kwenye shuka, kila kimoja na doa la manjano lililokataa kutoka. Chini yake palikuwa na kandambili moja, imepasuliwa kwa kisu na kuungwa kwa waya, ili mguu mkubwa mno upate kupita. Sikufikiri. Nilifungua mlango wa nyuma, nikatoka.

Chumba cha uani kilikuwa kimejengwa kiwe stoo. Nikabisha.

"Weka hapo chini uende," sauti ya mwanamke ilisema ndani. "Nitachukua mwenyewe."

Nikabisha tena.

"Nani?"

"Mgeni."

"Mgeni gani anayepitia nyuma?"

Nikasukuma mlango. Alikuwa ameketi kitandani, mwanamke mwenye nywele zilizosukwa vizuri kuliko za mtu yeyote niliyemwona mwaka huo, mistari imenyooka kama imechorwa kwa rula. Mguu wake wa kulia ulikuwa mguu. Wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia goti hadi vidoleni, ngozi imekuwa ngumu na yenye mikunjo, na kati ya mikunjo hiyo palikuwa pabichi. Nzi walitua, akawapunga kwa kipande cha kadibodi bila hata kuwatazama.

"Ziba pua tu," alisema. "Usione haya. Hapa wote huziba."

Sikuziba. Lakini kichefuchefu kilinipanda mpaka kwenye meno, nisiseme uongo. Sababu haikuwa ule mguu. Nimeona mikubwa kuliko huo. Ilikuwa uso wake. Paji la uso lilikuwa la mchumba wangu. Vidole vilivyoshika ile kadibodi vilikuwa vya mchumba wangu, virefu, vya kupendeza.

"Wewe ndiye dada yake mkubwa," nilisema.

"Na wewe ndiye wifi wa mbu." Akatabasamu. "Alikueleza niko wapi?"

"Aliniambia uko nje."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi sikucheka. Mara ngapi nilimuuliza, mbona dada yako hapigi simu? Ana shughuli nyingi, alinijibu. Huko nje maisha ni mbio. Na nilimwonea huruma kwa kuwa na dada asiyemkumbuka!

"Anakuja kukuona?" nikauliza.

"Anakuja. Husimama hapo mlangoni, kitambaa puani, akaniuliza nahitaji nini. Namwambia nahitaji ukae. Anasema atakaa siku nyingine."

Alikuwa msusi, akaniambia, na wateja wake walipanga foleni. Kisha zikaja homa, mguu ukavimba, ukashuka, ukavimba tena, mpaka siku moja haukushuka. Mteja mmoja akasema saluni inanuka. Mwanamume aliyetaka kumuoa akaacha kupokea simu. Mama yake akamhamishia uani, kwa muda tu, mpaka mdogo wake apate mchumba. Halafu mpaka atambulishe. Sasa ilikuwa mpaka harusi ipite.

"Nani anakuosha?"

"Kuniosha? Mama anasema maji yanaongeza uvimbe."

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikachota maji safi kwenye pipa lililokuwa nje, nikakuta beseni na kile kipande cha sabuni ya kufulia nilichonawia, maana mama alikuwa amekitupa uani baada ya mimi kukishika. Nikapiga magoti na gauni langu jipya. Yule dada akavuta mguu nyuma kwa nguvu.

"Wewe, acha! Utatapika."

"Nikitapika nitaosha na hayo. Lete."

Nikauosha polepole, mkunjo baada ya mkunjo. Maji ya kwanza yalitoka na rangi ya chai ya maziwa, na utando juu. Ya pili yalikuwa na vipande vya ngozi. Nilimweleza huku naosha. Nikamwambia kwamba mguu hautarudi kuwa kama mwenzake, nisimdanganye. Lakini ukioshwa kila siku, ukakaushwa katikati ya vidole, ukapakwa dawa, ukainuliwa juu ya mto, hizo homa zitapungua na harufu itaisha.

"Itaisha?"

"Itaisha kabisa. Harufu siyo ya matende. Ni uchafu na vijidudu vinavyoingia kwenye michubuko."

Akatazama ukutani. Machozi yakamtoka bila sauti, akayaacha yashuke.

"Miaka yote hii," alisema, "nilifikiri ninaoza."

Nilitoka kumwaga maji. Pembeni ya kile chumba palikuwa na chemba ya maji taka, mfuniko wake umevunjika kona. Nikausogeza kwa mguu. Weusi uliokuwa juu ya maji ulikuwa unatembea. Viluwiluwi, wamejaa hadi hawana pa kujigeuzia, na mbu wapya wakapanda usoni mwangu kama moshi, wakaniingia mdomoni. Nikatema mate. Haya ndiyo yaliyokuwa mlangoni mwa dada mtu, hatua chache kutoka kwenye sahani zenye maua.

"Unafanya nini huku?"

Mchumba wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma. Kitambaa chake cheupe kilikuwa tayari puani.

"Namwosha dada yako," nilisema. "Yule wa nje."

Uso ulimshuka. Alitazama beseni, akatazama mikono yangu, akatazama pembeni.

"Nilikuwa nitakwambia."

"Lini?"

"Tukishaoana. Usinitazame hivyo. Hujui mama alivyo. Hujui watu wangesema nini, ukoo wenye ugonjwa, nani angenipa binti yake..."

"Mimi ninafanya kazi ya ugonjwa huu huu. Kati ya wanawake wote ulioweza kuwaficha, ukanificha mimi!"

"Ndiyo maana!" alisema, na sauti yake ikakatika. "Niliona ungemtazama kama kitu cha maabara. Na mimi pia. Niliogopa. Nakupenda, unajua nakupenda."

Nilijua. Hilo ndilo lililoniumiza. Nikakumbuka mgahawa ambako tulianza kukutana, mvua inanyesha nje, aliponiuliza eti mtu akimgusa mwenye matende anaambukizwa? Nilicheka. Nikamshika mkono nikamweleza kwa furaha, kwamba kugusa hakuambukizi, kula pamoja hakuambukizi, lazima mbu awe katikati, tena amuume mtu kwa miaka. Alisikiliza mpaka kahawa ikapoa. Nikaenda nyumbani nikiwa nimependa. Nilidhani ameuliza kwa ajili yangu.

"Ulijua," nilisema. "Nilikwambia mwenyewe kwamba haiambukizi. Ulirudi nyumbani na jibu hilo mfukoni, ukaendelea kusimama hapo mlangoni na kitambaa."

"Mbu wangu..."

Alinyoosha mkono anishike bega. Nami, kwa mazoea tu, nikainua wangu nikutane nao. Ulikuwa umelowa. Maji ya beseni yalikuwa yanachuruzika kwenye kiwiko. Nikaona mkono wake unasita hewani, kisha unarudi nyuma, haraka, kama uliogusa jiko.

Aliona kwamba nimeona.

"Siyo wewe," alisema upesi. "Ni kwamba... mimi hujikaza. Hata ukitoka kazini huwa najikaza. Nikikubusu najikaza. Nimejifunza, si unaona? Si ndiyo mapenzi hayo, mtu kujikaza?"

Alisema kwa moyo wote, masikini. Alidhani ananipa zawadi. Nikazikumbuka busu zote, moja baada ya moja, na kila moja ikawa na mtu anayejikaza nyuma yake. Niliinama kando ya ukuta nikatapika wali wa mama yake na paja la kuku, wote, mpaka nyongo. Hakuja kunishika paji la uso. Alikuwa na kitambaa mkononi, na hakujua akizibie pua yake au anipe.

Mama yake akatokea kwa kelele.

"Ameshika lile! Amelishika kwa mikono aliyolia chakula changu! Mtoke wote uani kwangu!"

"Lile ni binti yako, mama," nilisema, nikijifuta mdomo.

"Mimi ndiye niliyemzaa, usinifundishe. Mimi ndiye ninayemletea chakula. Unafikiri silii? Lakini nina watoto wawili tu. Mmoja ameshaharibika. Huyu wa pili nimwachie nani, aonekane ametoka kwenye nyumba ya laana?"

"Hakuna laana hapa. Kuna mbu, na unawafuga mwenyewe. Njoo utazame ndani ya chemba yako."

Hakuja. Lakini alitazama upande ule, na mkono wake ukapanda mdomoni.

Nyuma yangu mlango wa stoo ulilia. Dada mtu alikuwa amesimama, ameshika mwimo. Amejifunga kanga safi, na mguu wake uliooshwa ulikuwa unameremeta kwa maji.

"Wifi," alisema, "una gari?"

"Ninalo. Taasisi yetu ina kliniki. Leo iko wazi."

"Haya, twende."

"Basi wapitie geti la nyuma," mama akamwambia mwanawe kwa sauti ya chini, kana kwamba sisi hatupo. "Mjomba wako yuko sebuleni."

"Sipiti nyuma," dada mtu alisema. "Nimechoka na nyuma."

Akaniegemea, tukaingia. Kila hatua ilimgharimu pumzi. Tulipita korido, tukapita chumba cha kulia na sahani zake, tukafika sebuleni. Mjomba alikuwa anachokonoa meno. Kijiti kikamwanguka.

"Mwanangu! Si... si ulikuwa nje?"

"Nilikuwa nje, mjomba. Hapo nje uani."

Mzee alimtazama, akamtazama dada yake, mama mtu, aliyekuwa nyuma yetu. Kitambi kikatetemeka. "Kila mwaka unanipa salamu zake kutoka ughaibuni," alimwambia. "Kila mwaka nazipokea." Kisha akasonya, msonyo mrefu wa kutoka tumboni, akageuza uso. Mama mtu akakaa chini palepale kwenye zulia.

Mchumba wangu alitufuata mpaka kwenye gari. Jua lilikuwa kali, na jirani mmoja alikuwa amesimama na ufagio, amesahau kufagia. Nilimkalisha wifi yangu kiti cha mbele. Mguu ulikuwa mzito, haukuingia.

"Tutaongea?" mchumba wangu aliniuliza. Macho yake yalikuwa mekundu. Hata wakati ule, Mungu anisamehe, nilitaka kuyafuta kwa kidole.

"Msaidie dada yako aingie."

Akamtazama jirani. Akautazama mguu. Akachuchumaa, nami nikasema moyoni, fanya, tafadhali, fanya. Akakikunjua kile kitambaa cheupe, akakitandaza juu ya viganja vyote viwili, ndipo akaipeleka mikono kwenye kisigino.

"Acha," dada yake alisema kwa upole. "Utakichafua."

Akauinua mguu wake mwenyewe kwa mikono miwili, akauingiza ndani, akavuta mlango.

Niliwasha gari. Sikutazama kioo mpaka tulipokata kona. Hapo nikalia kwa kelele, kamasi na vyote, gauni limelowa, mikono inanuka sabuni ya kufulia. Wifi alinisubiri nimalize.

"Bado unampenda?" aliuliza.

"Bado. Na ndicho kinachonitia kinyaa kuliko vyote leo."

"Atakutafuta. Namjua. Atakuja na maua."

"Akija kwangu sitamfungulia. Kliniki tunafungua kila asubuhi. Beseni liko pale, na wewe utakuwepo. Akitaka, ajue pa kuanzia."

Wifi alikuwa ameshusha kioo, ametoa kiwiko nje, na upepo ulikuwa unacheza na ncha za nywele zake. Tulifika njia panda. Nikawasha taa ya kukata kulia, kwenye barabara ya nyuma ya viwanda, ambayo ndiyo fupi na haina watu.

"Hapana," alisema. "Pita mjini."

"Kuna foleni. Tutasimama muda mrefu, watu watakuona."

"Najua," alisema, akashusha kioo mpaka mwisho. "Pita mjini."